Hata Mgonjwa Ahitaji Hesabu

Walimu wenzangu wa Bayolojia wanajua kwamba somo la kinga ya mwili aghalabu hufundishwa kwa mfano wa jeshi. Chembe nyeupe za damu huwa askari, vijidudu huwa maadui, na chanjo huwa mazoezi ya kabla ya vita. Mfano huu si mbaya, nami nimeutumia miaka mingi katika madarasa yangu hapa Mwanza. Kasoro yake ni kwamba haumwelezi mwanafunzi habari za mtu ambaye askari wake mwenyewe wamemgeukia, akalazimika kuwanyang'anya silaha, kisha adui wa kweli akavuka mpaka. Mimi ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Tangu mwaka 2017 najua kwamba nina ugonjwa wa neva uitwao multipo sklerosisi. Na mwezi Februari 2021, dawa ya ugonjwa huo ikiwa ingali yafanya kazi mwilini, nilishikwa na UVIKO-19.

Makala haya hayakuandikwa ili kuomba huruma. Ninayo hoja moja, ambayo naamini yawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kama inavyowahusu madaktari: kwamba wakati wa maradhi ya kuambukiza, mwenye ugonjwa wa kudumu ahitaji hesabu za maradhi hayo kama ahitajivyo dawa, na kumnyima hesabu ni kumwacha aamue gizani. Lakini hoja hiyo haiwezi kueleweka kabla ya kuueleza ugonjwa wenyewe, ambao wanaoujua katika nchi yetu ni wachache.

Neva zetu nyingi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Ala hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kukinga tu. Imekatika kwa mapengo madogo madogo, na ujumbe wa neva huruka kutoka pengo hadi pengo, hata ukaweza kusafiri mita 100 kwa sekunde. Katika neva isiyo na ala ujumbe hutambaa kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Sasa, katika sklerosisi chembe za kinga huingia katika ubongo na uti wa mgongo, zikaishambulia ala hiyo kana kwamba ni kijidudu. Palipoliwa hubaki kovu gumu, na jina la ugonjwa lina maana hiyo hiyo: makovu mengi. Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa ukamilifu mwaka 1868. Dalili zake hutegemea mahali kovu lilipokaa. Likiwa katika neva ya jicho, mtu huona ukungu; likiwa katika uti wa mgongo, miguu hufa ganzi au hukakamaa, na kibofu hukosa utii. Aghalabu ugonjwa hupiga, ukatulia miezi au miaka, kisha ukapiga tena mahali pengine.

Kwangu ulianza katika nyayo. Nilikuwa nikitembea juu ya sakafu ya saruji nikahisi kana kwamba nakanyaga pamba. Baadaye mguu wa kushoto ukaanza kuburuta, na jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama sikupata kugombana na mtu juu ya kiwanja. Ilinichukua miaka miwili na safari kadhaa za basi mpaka nikapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku na kuambiwa jina la ugonjwa. Niliambiwa kwa Kiingereza, bila shaka. Bayolojia ya sekondari twaifundisha kwa Kiingereza, lakini mtu huugua kwa Kiswahili, na jioni ile nyumbani nilitakiwa kueleza.

Kwa hesabu zilizokusanywa mwaka 2020, watu kama milioni 2.8 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Katika Ulaya walikuwa zaidi ya 100 katika kila watu 100,000. Katika Afrika walikuwa kama watano. Nawasihi wanafunzi wasiipite tarakimu hiyo upesi. Je, ni watano kwa kuwa ugonjwa ni haba kweli, au kwa kuwa mashine na mabingwa wa kuutambua ni haba? Yawezekana yote mawili ni kweli kwa pamoja. Nitalirudia jambo hili mbele.

Dawa niliyopewa yaitwa rituksimabu. Hutiwa katika mshipa kwa dripu, kwa kawaida kila baada ya miezi sita, nayo yajulikana zaidi katika wodi za saratani, kwa sababu ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani ya chembe nyeupe ziitwazo chembe B. Chembe B ndizo zinazozaa viwanda vya kingamwili, yaani zile protini zinazokinata kijidudu na kukitambulisha kwa askari wengine. Katika sklerosisi chembe B ni miongoni mwa wachochezi wa vita visivyo na sababu. Dawa huziondoa katika damu, na vita hutulia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu. Lakini kila mwanafunzi anayefuata maelezo haya amekwisha kuona tatizo. Mtu asiye na chembe B hana pa kutengenezea kingamwili mpya. Akiingiwa na kirusi ambacho mwili wake haujapata kukiona, hujitetea kwa mkono mmoja. Na akichanjwa, chanjo hukuta kiwanda kimefungwa, ingawa chembe za aina ya pili, chembe T, bado hujifunza kitu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi kadhaa tangu mwaka 2020 ulionyesha kwamba sklerosisi peke yake haikuwa hatari kubwa mbele ya UVIKO-19 kwa mtu wa makamo awezaye kutembea. Waliougua vibaya zaidi walikuwa wazee, waliolemaa sana, na waliotumia dawa za jamii ya hii yangu.

Februari 2021, basi. Mtaani kwetu misiba ilifuatana, na watu walisema ni nimonia, au walitumia maneno yaliyoenea wakati ule, changamoto ya upumuaji. Mimi nilianza kwa kikohozi kikavu siku ya Jumanne. Alhamisi nilipita Mwaloni Kirumba, magunia ya dagaa yakiwa yamepangwa kama kawaida, nisisikie harufu yoyote. Mtu wa Mwanza asiyesikia harufu ya dagaa pale Kirumba hana haja kubwa ya maabara. Usiku homa ikapanda hadi nyuzi 39, na miguu yote miwili ikaniacha. Sisemi udhaifu wa homa ambao kila mtu aujua. Nilijaribu kuinuka kwenda msalani nikaanguka kati ya kitanda na kabati, na magoti hayakuitika kabisa. Mke wangu nami tukaamini kwamba sklerosisi imepiga upya, na kwamba balaa mbili zimeingia kwa mlango mmoja.

Asubuhi akafika shangazi yangu kutoka Magu. Shangazi ni mtu wa vitendo. Kabla ya saa tatu chungu kilikuwa kinachemka, ndani yake majani ya mwarobaini, mikaratusi, mchaichai na malimao yaliyokatwa, nami nimeketishwa juu ya kigoda na kufunikwa blanketi mbili.

"Vumilia, baba," akaniambia. "Acha itoke yote."

Nilivumilia. Baada ya dakika chache sikuweza kuinua mkono, na maneno yakaanza kuteleza mdomoni kama ya mlevi. Shangazi alidhani ni ugonjwa unatoka. Mke wangu, ambaye hajasoma udaktari lakini amenisoma mimi, akavuta blanketi na kumpigia daktari simu.

"Mtoeni kwenye moto huo," daktari akasema. "Mpozeni."

Wakanipoza kwa vitambaa vya maji, vidonge vya kushusha homa, na dirisha lililo wazi kuelekea ziwani. Hata kufika adhuhuri homa ilikuwa imeshuka, na miguu ikarudi: kwanza vidole, kisha vifundo, kisha magoti.

Hapa pana somo zuri la sayansi. Mwaka 1890 Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliandika habari za wagonjwa wa sklerosisi ambao macho yao yaliingia giza baada ya mazoezi ya mwili, kisha yakapona walipopumzika. Ilikuja kufahamika baadaye kwamba sababu ni joto. Ujumbe upitao katika neva iliyopoteza ala yake hupita kwa taabu, ukiwa umebakiza nguvu kidogo tu. Joto la mwili likipanda, milango ya sodiamu katika utando wa neva hujifunga upesi zaidi, na ile nguvu kidogo haitoshi tena kuusukuma ujumbe mbele. Hata kupanda kwa nusu nyuzi kwaweza kutosha. Hapo zamani madaktari walimtia mgonjwa katika maji ya moto makusudi ili waone kama dalili zitajitokeza, na hivyo wautambue ugonjwa. Joto haliumbi kovu jipya. Hufichua la zamani. Kwa hiyo ile haikuwa sklerosisi kupiga upya, na kutofautisha hayo mawili si mchezo wa maneno, kwa maana pigo jipya hutibiwa kwa dozi kubwa za steroidi ambazo hupunguza kinga, jambo ambalo siku za mwanzo za maambukizi si la kuharakishwa.

Sina neno juu ya shangazi. Nyungu ni tiba ya wazee wetu, na kwa mtu mwenye pua zilizoziba mvuke ni faraja. Mamilioni ya watu walijifukiza mwaka ule wakainuka salama. Kosa lilikuwa kudhani kwamba lifaalo miili mingi lafaa kila mwili. Siku ya pili kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni asilimia 91, nikalazwa siku tano. Nilipona polepole, kikohozi kiliisha Machi, lakini uchovu ulikaa nami mpaka masika yakaisha, na kwa muda huo nilifundisha nimeketi.

Ugumu wenyewe ulikuja Aprili, nilipokuwa nimekwisha kupona. Dozi ya rituksimabu ilikuwa imefika wakati wake. Daktari aliniambia kwamba uamuzi huu ni wa mizani. Nikiipokea dawa, sklerosisi itatulia, lakini nitakaa miezi mingine bila chembe B, na ugonjwa ukirudi utanikuta vile vile au vibaya zaidi. Nikiiahirisha, kinga itaanza kurejea, lakini sklerosisi itapata mwanya. Katika upande mmoja wa mizani tulikuwa na hesabu: tulijua kwa kiasi fulani jinsi ugonjwa wangu unavyopiga bila dawa. Katika upande wa pili tulihitaji kujua jambo moja tu. Je, katika Mwanza, mwezi ule, maambukizi yalikuwa yanapanda au yanashuka?

Hapakuwa na tarakimu. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Takwimu za Taifa zilikoma mapema Mei mwaka ule ule zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja zikabaki hizo hizo. Mimi mwenyewe, niliyelala kitandani na bomba la oksijeni puani, sikuwa katika hesabu hiyo, kwa maana ilifungwa miezi tisa kabla sijaugua.

Tukaahirisha. Ulikuwa uamuzi wa watu wawili wenye akili timamu waliofungwa vitambaa machoni. Mwezi Juni, nikisahihisha mitihani, niliona wino wangu mwekundu umegeuka rangi ya matope. Nilibadili kalamu mara mbili kabla ya kufumba jicho moja moja na kutambua kwamba kalamu hazikuwa na kosa. Sikuwa na homa siku ile, wala jua halikuwa kali. Lilikuwa pigo jipya, katika neva ya jicho la kulia. Uoni ulirudi kwa sehemu. Nyekundu ya jicho langu la kulia mpaka leo si nyekundu ya jicho langu la kushoto.

Lazima niseme ukweli wote. Siwezi kuthibitisha kwamba dozi ya Aprili ingelizuia jicho lile lisipigwe. Wataalamu walikuja kuona kwamba kwa wagonjwa wengi kuichelewesha dawa hii kwa miezi michache hakukuleta madhara. Tena kuchelewa kule kulinifaa kwa upande mwingine: shehena ya kwanza ya chanjo, dozi 1,058,400, iliwasili nchini tarehe 24 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan akazindua uchanjaji kwa kuchanjwa hadharani tarehe 28, nami nilipochanjwa mwezi Agosti yaelekea chembe B zangu zilikuwa zimeanza kurudi kazini. Septemba nikapokea dawa. Wakati huo takwimu zilikuwa zimeanza kutolewa tena, na mazungumzo yangu na daktari yalichukua robo saa. Yale ya Aprili yalikuwa yamechukua wiki tatu. Silalamiki kwamba uamuzi wa Aprili ulikuwa mbaya. Ninalosema ni kwamba haukuwa uamuzi hata kidogo, ulikuwa kubahatisha.

Wako wasemao kwamba hesabu za maradhi huwatia watu hofu, na kwamba hofu nayo huua. Siidharau hoja hii. Nimemwona mtu mzima akikataa kwenda hospitali kwa kuogopa atakayoambiwa, na nimeona mji ukinong'ona. Lakini nimeishi kando ya ziwa hili tangu utotoni, na sijapata kuona mvuvi akiacha uvuvi kwa sababu ameambiwa kuna upepo. Huahirisha safari, au hubaki karibu na pwani, au huongeza mtu wa kukomba maji. Anayeachwa na hofu tupu ni yule aliyesikia kwamba mitumbwi imezama, asiambiwe ni mingapi, wapi, wala lini.

Sisi wa Mwanza tunajua maana ya orodha isiyokamilika. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikija bandarini kwetu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa kukadiria, na katika makaburi ya Igoma wamelala watu ambao hakuna daftari lililowaandika walipopanda. Sisemi kwamba orodha ingeliizuia meli isizame.

Mji huu huu, hata hivyo, una historia nyingine ya hesabu, ambayo nasikitika kuona wanafunzi wetu hawaifundishwi. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, pamoja na wenzao wa AMREF na wa London, walichagua jamii 12 katika Mkoa wa Mwanza. Katika sita waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida. Sita nyingine zikasubiri. Baada ya miaka miwili walihesabu. Katika jamii zilizopata tiba, watu wapya walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 1.2, katika zile nyingine asilimia 1.9. Maambukizi yalikuwa yamepungua kwa kama asilimia 40. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1995 na kusomwa dunia nzima, na msingi wake ni kazi ya watu waliokwenda kijiji kwa kijiji na daftari, wakiandika.

Ila mfano unaonigusa zaidi ni mwingine, kwa kuwa unaunganisha ziwa letu na ugonjwa wangu mwenyewe, jambo ambalo nisingelidhani lawezekana.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Aliletewa watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, mara nyingine pande zote mbili, ambao uliua kwa wiki chache. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake. Kisha akafanya jambo ambalo halihitaji maabara: aliziandikia hospitali za sehemu nyingi za Afrika, akiambatisha picha na kuuliza, je, mmewaona watoto wa namna hii? Majibu akayatia katika ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari, wakasafiri majuma mengi kuelekea kusini mwa bara, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ramani ilionyesha kwamba uvimbe ulikuwa mwingi penye joto na mvua, mahali penye malaria kali, kama katika mwambao wa ziwa letu, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilimfanya mtaalamu wa virusi mjini London, Anthony Epstein, aombe vipande vya uvimbe huo vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, walitangaza kuwa wameona ndani yake kirusi kipya. Leo chaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Karibu kila mtoto wa Afrika hukipata katika miaka ya mwanzo ya uhai, na aghalabu hakimdhuru. Ni pale kinapokutana na malaria ya mara kwa mara ndipo baadhi ya watoto huota ule uvimbe. Hospitali ya Bugando, pale juu ya kilima, ingali ikiwatibu watoto hao.

Kirusi hicho hukaa wapi mwilini? Katika chembe B.

Mwezi Januari 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa damu ya wanajeshi zaidi ya milioni 10, iliyohifadhiwa kwa miaka 20. Kati ya wanajeshi hao, 955 walipata sklerosisi wakiwa kazini. Ilionekana kwamba mtu aliyeambukizwa kirusi cha Epstein-Barr alikuwa na hatari ya kupata sklerosisi mara 32 ya yule ambaye hajaambukizwa. Kirusi peke yake hakitoshi, la sivyo dunia nzima ingeugua, lakini bila hicho ugonjwa ni nadra mno. Tena huonekana kwamba wanaokipata ukubwani, kama ilivyo kawaida katika nchi tajiri, wamo hatarini zaidi kuliko wanaokipata wangali wachanga. Huenda hii ni sehemu ya sababu ya ile tarakimu ya watano niliyoitaja. Sehemu nyingine, nashuku, ni kwamba wenzangu wengi wangali wanaulizwa kama waligombana na mtu juu ya kiwanja.

Basi tazama njia ilivyokwenda. Daktari aliwahesabu watoto wagonjwa wa ukanda wa ziwa letu, hesabu ikazaa ramani, ramani ikazaa kirusi, na miaka kama 60 baadaye kirusi kikaeleza kwa nini miguu yangu huniacha. Burkitt hakuwa akitafuta chanzo cha sklerosisi. Alikuwa anauliza ni wangapi, na wako wapi.

Haitakuwa haki nikiacha kusema kwamba mambo yamebadilika. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, ng'ambo ya ziwa, idadi ya wagonjwa na ya waliofariki ilitangazwa wazi, waliokutana nao wakafuatiliwa, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha: watu tisa waliugua, sita walifariki. Nilizifuata taarifa zile kwa makini kuliko watu wengi, kwa sababu zilikuwa zinaniambia kama nisafiri kwenda Bukoba kwenye harusi ya binamu yangu au nisisafiri. Sikusafiri. Nilituma mchango.

Walimu wenzangu watauliza sasa shule ina nafasi gani katika jambo hili, na kama si kazi ya Wizara. Ni kazi ya Wizara. Lakini kila shule yetu ina daftari la mahudhurio, ambalo huandikwa kila asubuhi kisha hufungiwa kabatini. Ndani yake mna takwimu za afya za vijana wa mtaa mzima. Nashauri kwamba kila Ijumaa wanafunzi wawili wahesabu waliokosekana wiki hiyo na kuwagawa kwa sababu: homa, kikohozi, kuharisha, mengineyo, na haijulikani. Majina yasiandikwe, kwa maana shabaha si kumwaibisha mtu, na msichana aliyebaki nyumbani kwa haja zake asilazimishwe kujieleza mbele ya darasa. Tarakimu zichorwe katika karatasi ya ukutani, wiki baada ya wiki, na mstari mmoja uchorwe kwa ajili ya mvua. Baada ya mihula miwili, mwanafunzi ataona mwenyewe malaria inavyofuata masika, na siku mstari wa kikohozi utakapopanda pasipo sababu anayoijua, atakuwa wa kwanza mtaani kuuliza. Shule ya Mwanza mjini yaweza kulinganisha mchoro wake na shule ya Sengerema au ya Ukerewe. Hakuna kifaa cha kununua.

Darasani kwangu tumekwisha kufanya hivyo kwa mihula miwili. Safu ya "haijulikani" ndiyo ndefu kuliko zote. Wanafunzi wameniomba mara tatu waifute, kwa kuwa wanasema yaharibu mchoro, nami mara zote tatu nimewakatalia.